Msituambie Tungoje

Hotuba ya mama mmoja kwa wanachama wa vikundi vya kujisaidia



Leo nasema kwa niaba ya akina mama wenye watoto walio na ulemavu wa akili. Kila siku tunaambiwa, "Ngoja tu, hata baba yake alichelewa." Jirani anasema hivyo, mama mkwe anasema hivyo. Sisi tunaomba: msituambie tungoje. Ubongo wa mtoto hukua upesi sana katika miaka ya kwanza, na huo ndio wakati wa kumsaidia.

Utajua namna gani? Mtoto wa miezi 9 ambaye hawezi kukaa bila kushikwa, au wa miezi 18 ambaye hajatembea, apelekwe akaangaliwe. Miezi hiyo ndiyo ya chanjo ya surua, kwa hivyo uko kliniki tayari. Muulize muuguzi papo hapo. Usiporidhika, ulizia kituo cha serikali cha kupima watoto wenye mahitaji maalum. Vituo hivyo vilianza hapa Kenya mwaka wa 1984.

Usiende ukitafuta dawa ya kuponya. Nenda ukafundishwe: kumkalisha mtoto vizuri, kumtajia kila kitu anachoshika, kumpa kijiko ajaribu mwenyewe, kumfundisha kuvaa hatua kwa hatua. Mengi utayafanya jikoni, ugali ukiwa motoni.

Kinachotushinda ni nauli, na mtu wa kubaki na wale watoto wengine. Tena kuna maneno ya watu. Eti ni laana, eti mama alikosea mizimu. Sivyo! Mtoto akikosa hewa wakati wa kuzaliwa, au akishikwa na malaria ya ubongo, akili yaweza kuumia. Wengine huumbika hivyo tumboni, bila kosa la mtu.

Basi tunaomba vikundi mambo matatu. Kwanza, katika mchango wa kila mwezi tengeni kidogo cha nauli ya kliniki. Pili, pangeni zamu ya kuangalia watoto mama akisafiri. Tatu, mtoto huyu aje mkutanoni kama wengine, asifichwe nyumbani.

Na ninyi akina baba, siku moja mbebeni mtoto mwende naye kliniki. Mkifundishwa wawili, mtoto atafunzwa mara mbili.