Jalada Lililofungwa Ndani ya Seli



Katika eneo la Maji ya Chai maji yana floraidi nyingi, na meno ya kahawia yamekuwa jambo la kawaida. Mazoea hayo yana hatari yake. Mtoto akilegea meno na taya likavimba, ni rahisi mtu kusema, "Ni maji tu." Yafaa ieleweke kwamba floraidi haivimbishi taya la mtoto kwa majuma mawili. Huenda hiyo ni saratani.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alianza kuwachunguza watoto wenye uvimbe wa namna hiyo, na mwaka 1958 akautangaza ugonjwa wao. Baadaye ikadhihirika kwamba ugonjwa huo umeenea zaidi katika nchi za joto zenye malaria kuliko milimani. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr, mjini London, waliona kirusi ndani ya seli za uvimbe uliotoka Uganda.

Kirusi hicho kimo katika miili ya watu wengi duniani, na kwa kawaida kinga ya mwili hukidhibiti. Kwa nini basi ndani ya saratani hii hakitambuliwi?

Jibu limo katika kromatini. Kila seli ina uzi wa urithi wenye urefu wa mita 2 hivi, uliozungushwa juu ya protini ziitwazo histoni. Sehemu iliyolegea husomeka. Iliyokazwa na kutiwa alama za methili hunyamaza. Ni kama jalada katika masjala: halikuchomwa wala kuchanwa, bali limefungwa kamba na kutiwa kabatini.

Katika saratani ya Burkitt, karibu jeni zote za kirusi zimefungwa hivyo. Hubaki hasa protini moja, EBNA1, inayokihifadhi kirusi seli inapogawanyika. Walinzi wa mwili hupita bila kushtuka. Wakati huohuo jeni la MYC, linaloamrisha seli kukua, huwa limehamishwa, mara nyingi kutoka kromosomu ya 8 hadi ya 14, mahali palipo wazi, likaamrisha bila kukoma. Kinachopasa kusikika kimenyamazishwa. Kinachopasa kunyamaza kinapiga kelele.

Hata hivyo, jalada lililofungwa laweza kufunguliwa. Mwaka 2004 Marekani iliidhinisha azasitidini, dawa inayopunguza alama za methili, kwa ugonjwa wa uboho. Kwa saratani ya Burkitt zipo dawa zilizokwisha kuthibitika, na watoto wengi hupona wakiwahishwa. Lakini uvimbe huu waweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Hapana budi kwenda na wakati huo.

Mwalimu ndiye anayeuona uso wa mtoto kila asubuhi. Akiona taya limevimba, amwite mzazi siku hiyohiyo, mtoto apelekwe kituo cha afya, na kutoka huko hospitali ya rufaa kama KCMC, Moshi. Naye mtumishi asiiache barua ya rufaa ilale mezani. Jalada lililofungwa ndani ya seli ni adui wa kutosha. La mtoto lisifungwe ofisini.