Madoa ya Uso: Ndimu Iache Jikoni

Mama, nawe nyanya unayelea wajukuu, vuteni viti msikilize. Leo tunazungumza juu ya madoa meusi yanayojitokeza usoni na mikononi kadiri umri unavyosonga, na zile dawa za nyumbani tunazoambiana kisimani na kwenye chama.

Kwanza tuyatenganishe, maana madoa si ya aina moja. Kuna mabaka ya kahawia kwenye mashavu, paji la uso na juu ya mdomo. Hayo huja sana wakati wa mimba, na wakati mwingine kwa anayetumia vidonge vya kupanga uzazi. Kwa wengi hufifia baada ya kujifungua, lakini huchukua miezi, si wiki. Kuna madoa bapa yanayoletwa na jua la miaka mingi. Halafu kuna vile vidoti vyeusi vilivyoinuka, kama punje za wimbi, kwenye mashavu na kando ya macho. Hivyo mara nyingi hurithiwa. Mtazame mama yako au shangazi, huenda ukavikuta. Havina madhara yoyote, na hakuna kitu cha jikoni kinachoviondoa. Ukivikwangua kwa wembe utabaki na kovu.

Sasa tuje kwa ndimu. Wengi wetu tumeambiwa tuikate, tuisugue usoni, tukae nayo. Mama, maji ya ndimu yakiwa kwenye ngozi, kisha jua likapiga, ngozi inaweza kuungua na kutoka malengelenge. Ikipona inaacha weusi unaoweza kukaa miezi. Ulikuwa na doa moja, sasa una baka. Dawa ya meno, magadi na dawa ya kung'arisha nguo nazo ni vivyo hivyo. Ngozi nyeusi ikiumizwa hujibu kwa kuwa nyeusi zaidi, kwa hivyo hata kulisugua doa kwa jiwe la miguu ni kuliongeza.

Ute wa ndani wa mshubiri, yaani alovera, unaweza kutuliza ngozi, mradi uoshe yale maji ya manjano yaliyo chini ya ganda kwa sababu yanawasha. Usitarajie ufute doa.

Jambo linaloniogopesha hasa ni ile krimu ya kopo dogo isiyo na maelezo, inayouzwa kwa siri. Nyingine zina zebaki. Zebaki hupenya ngozini, huharibu figo, na humfikia mtoto aliye tumboni na yule anayenyonya. Hata anayekushika shavu kisha akatia vidole mdomoni anaipata, na taulo mnayotumia pamoja hubeba yake. Krimu za zebaki zimepigwa marufuku hapa Kenya, lakini bado hupatikana. Ukiona maandishi yanayokuonya usiiguzishe na dhahabu, fedha au aluminiamu, iache hapo hapo. Nyingine zina haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa muda mrefu inaweza kuacha weusi wa samawati usiotoka kwa urahisi. Nyingine zina dawa kali za steroidi zinazofanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi. Ikiwa umeipaka kwa muda mrefu na ukiacha uso unawaka moto, usiirudie. Nenda kliniki, na kopo ulibebe.

Basi nyumbani tufanye nini? Dawa yenyewe ni kivuli, nayo haina bei. Jua ndilo linalolisha madoa karibu yote haya, na bila kulizuia hata dawa ya daktari haitafua dafu. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri, vaa kofia pana, beba mwavuli, au jitande leso hadi kwenye paji la uso. Mwenye uwezo anunue losheni ya kukinga jua yenye namba 30 au zaidi, na aipake tena akitoka jasho. Osha uso kwa sabuni isiyo kali, paka mafuta ya kawaida, usitumbue chunusi. Kisha ngoja. Najua kungoja ni kugumu, hasa harusi ikiwa Jumamosi!

Lakini kuna doa lisilongojewa. Ni lile linalokua, linalobadilisha rangi au umbo, linalotoka damu, au kidonda kisichopona kwa mwezi. Angalia pia nyayo, viganja na chini ya kucha, kwa maana saratani ya ngozi kwa watu weusi hupenda kujificha huko. Na wewe unayelea mtoto mwenye ualbino, mkague mara kwa mara usoni, masikioni, shingoni na mikononi. Ukiona kidonda au gamba lisilopona, mpeleke hospitali wiki hiyo hiyo, usijaribu kitu chochote kwanza.