Jumamosi Moja kwa Shilingi 25,000: Kuwatafutia Watoto Wetu Mwalimu wa Trigonometria

Maelezo ya kamati ya fedha kwa wanachama na wageni wa harambee



Miaka iliyopita kamati ya fedha ilisimama mbele yenu na picha ya jengo. Mliona msingi, mkaona kuta, na mwaka uliofuata mkaona bati. Mwaka huu hatuna picha ya jengo. Tunaomba fedha za kuwalipa walimu wa ziada watakaowasaidia watoto wetu wa sekondari katika hesabu, na tunaanza na mada inayowatisha wengi, yaani trigonometria.

Tunafahamu kwamba ombi hili ni gumu kuchangia. Darasa lina mlango na kibao chenye majina ya waliochanga. Hata sisi wahasibu tunalipenda darasa, kwa sababu katika vitabu huandikwa upande wa mali na hubaki huko miaka mingi. Somo la Jumamosi huandikwa upande wa matumizi. Likishalipwa limekwisha, na mkaguzi akija hana cha kugusa. Lakini madarasa tuliyojenga sisi na serikali, tangu shule za kata zilipoanza kuenea miaka ya 2000, yanamsubiri mtoto anayeelewa anachofundishwa ndani yake. Kwenye hesabu, watoto wengi hawaelewi.

Tuseme ukweli kwa takwimu za nchi nzima. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2022, waliofaulu Hisabati walikuwa karibu asilimia 20. Mwaka 2023 walikuwa karibu asilimia 25. Kwa hiyo hata katika mwaka ulio bora, watoto watatu kati ya wanne walitoka bila kufaulu. Kwa mtoto wa kule kwetu maana yake inajulikana. Milango ya upimaji ardhi, ufundi, uhandisi, kilimo cha kitaalamu na hata uhasibu inafungwa siku matokeo yanapotoka. Kinachobaki ni kushuka Mombo na begi, kupanda basi, na kwenda kutafuta kazi za ndani au umachinga katika mji ambao hana mwenyeji.

Kwa nini trigonometria? Mtoto huikuta kidato cha pili na kuikuta tena kidato cha nne, kwa hiyo akiikosa mara ya kwanza inamsubiri mbele. Lakini sababu kubwa ni kwamba mada hii hufichua nyufa zote za nyuma. Mtoto anayeshindwa kutafuta kimo cha mti kwa tanjenti mara nyingi hajashindwa na tanjenti. Ameshindwa na uwiano, au na kugawanya namba zenye desimali, au na kuhamisha herufi kutoka upande mmoja wa mlinganyo kwenda mwingine. Mwingine ameshindwa na lugha. Shule ya msingi alifundishwa pembetatu, kimo na mzingo kwa Kiswahili, na nyumbani anazungumza Kisambaa. Akifika kidato cha kwanza vitu vilevile vimebadilishwa majina yote kuwa Kiingereza. Anadhani ni vitu vipya, kumbe alikwisha kuvijua. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huo wazazi huujenga baadaye kwa ada za kurudia mtihani.

Mtu mmoja katika kikao cha wanachama aliuliza: mtoto wa mkulima wa kabichi atafanya nini na saini na kosaini? Swali ni la haki, na jibu lake liko milimani kwetu kuliko mahali pengine popote. Barabara ya Mombo kwenda Lushoto ina urefu wa kilomita 30 na kidogo, na inapanda karibu mita 1,000. Kwa wastani hizo ni mita 3 kwa kila mita 100, pembe isiyofika digrii 2. Ingenyooshwa moja kwa moja ingekuwa fupi sana, lakini lori la viazi lisingeipanda. Kila kona mnayoilalamikia pale Soni ni hesabu ya mteremko iliyofanywa na mtu. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walijenga njia ya kamba za chuma ili kushusha magogo kutoka Shume hadi reli ya Mkumbara. Waliopima kamba zile walilazimika kujua urefu wa mteremko na pembe zake. Fundi anayepaua nyumba Bumbuli anachagua mwinamo wa paa kufuatana na mvua. Mtaalamu wa kilimo anayepanga nafasi kati ya tuta na tuta anaanza kwa kupima mwinamo wa shamba, na shamba la kwetu likikosewa, udongo wote unakwenda bondeni kwa masika moja.

Wazee wa Mlalo wana kumbukumbu nyingine ya matuta. Enzi za Waingereza watu walilazimishwa kuyalima kwa amri na faini, wala hawakukubaliana na sababu zake. Wakapinga, na mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ule ukaachwa. Baadaye matuta yalirudi kwa njia ya mafunzo. Kanuni ya hesabu iliyokaririwa bila kueleweka ni kama tuta la lazima. Mtihani ukipita, inaachwa.

Kwa hiyo tunachotaka kununua kwa fedha zenu ni kuelewa, na hapo ndipo kazi ya kumtafuta mwalimu inapoanza. Wapo waliopendekeza tumlete mwalimu mashuhuri wa twisheni kutoka Dar es Salaam kwa wiki moja kabla ya mtihani. Tumelipima pendekezo hilo na hatulishauri. Nauli, malazi na posho vitakula fedha kabla chaki haijagusa ubao, na wiki moja inatosha kukariri tu. Tunashauri walimu waliopo jirani, watakaokutana na watoto kila Jumamosi mwaka mzima. Wapo walimu wastaafu wenye nguvu. Wapo waliomaliza kidato cha sita wanaosubiri chuo. Wapo walimu wa shule zenyewe ambao, kwa ridhaa ya mkuu wa shule, wako tayari kutoa saa mbili za ziada.

Cheti kizuri pekee hakitatosha. Kila atakayeomba kazi hii atapewa watoto watatu na ubao, mbele ya wazazi, na ataombwa aeleze tanjenti kabla ya kuandika kanuni yoyote. Tutaangalia mambo manne.

Kwanza, je, anaanza na kitu ambacho mtoto anakiona? Mwalimu mzuri atawatoa nje. Atachukua kipimapembe, uzi na kijiwe, na kuwasimamisha watoto mita 20 kutoka kwenye mti. Mtoto akisoma digrii 35 kutoka usawa wa macho hadi kileleni, atatafuta tanjenti ya digrii 35 na kukuta 0.7002. Akizidisha kwa 20 anapata mita 14. Akiongeza kimo cha macho yake, tuseme mita 1.5, mti una mita 15 na nusu. Mtoto aliyefanya hivyo kwa mikono yake anajua kwamba tanjenti ni uwiano wa upande unaoikabili pembe na upande unaopakana nayo, hata akiamshwa usiku. Aliyesimama Irente na kutazama Mazinde kule chini haelezwi mara mbili pembe ya kutazama chini ni nini.

Pili, je, anatafuta ufa kabla ya kupaka rangi? Somo la kwanza liwe jaribio fupi la uwiano, sehemu, desimali na milinganyo midogo. Mwalimu asiyetaka kujua mtoto amekwama wapi atamfundisha asichohitaji.

Tatu, je, anavuka lugha? Tunataka aeleze kwa Kiswahili hadi mtoto aelewe, na inapobidi aongeze neno la Kisambaa, kisha ampe jina la Kiingereza ambalo mtihani utalitumia. Kila daftari litakuwa na kurasa mbili za mwisho za maneno hayo, Kiswahili kushoto na Kiingereza kulia. Ni jambo dogo lisilo na gharama.

Nne, je, anafundisha kusoma majedwali? Watoto wengi wamezoea kikokotoo cha simu, na katika mtihani wa Hisabati wa kidato cha nne vikokotoo vimekuwa haviruhusiwi. Mtoto anayejua njia lakini hajui kusoma jedwali la saini anapoteza alama alizostahili.

Kuna sharti moja ambalo halina majadiliano. Masomo yatafanyika shuleni au katika ukumbi wa msikiti au kanisa, mchana, milango ikiwa wazi, na mzazi mmoja wa zamu akiwepo. Hakuna mtoto, wa kike au wa kiume, atakayefuata somo nyumbani kwa mwalimu. Somo litakwisha mapema ili anayetembea saa moja kupanda mlima afike kwao kabla ya giza, na hasa wakati wa masika. Mkuu wa shule na afisa elimu kata watajulishwa kwa barua kabla ya somo la kwanza, na mwanafunzi hatadaiwa hata shilingi moja.

Sasa tuje kwenye hesabu zetu wenyewe. Tunapendekeza makundi matano: Lushoto mjini, Soni, Bumbuli, Mlalo na Mtae. Kila kundi litakuwa na wanafunzi 25 na litakutana Jumamosi 36 kwa mwaka. Mwalimu atalipwa Sh 20,000 kwa kila Jumamosi, nauli ikiwa ndani yake. Kwa mwaka hizo ni Sh 720,000. Majedwali, vipimapembe, madaftari, chaki na karatasi za majaribio tumevitengea Sh 180,000. Jumla kwa kundi moja ni Sh 900,000, yaani Sh 36,000 kwa mwanafunzi mmoja kwa mwaka mzima, au Sh 3,000 kwa mwezi. Makundi yote matano yatatumia Sh 4,500,000.

Kiasi hicho kimegawanywa ili kila mtu apate pa kushika. Jumamosi moja ya kundi moja, pamoja na vifaa, ni Sh 25,000. Zipo Jumamosi 180 za kununuliwa. Anayeweza moja achukue moja. Familia inayoweza mwezi mzima wa kundi la kijiji chao ichukue nne. Wanaotaka kumkumbuka mzee aliyewasomesha wanaweza kuchukua kundi zima, na jina la mzee huyo litaandikwa kwenye daftari la mahudhurio la kundi hilo. Kibao cha mlangoni hatutakuwa nacho, lakini daftari litakuwepo.

Kuhusu usimamizi, mwalimu atalipwa kwa somo lililofanyika tu. Mzazi wa zamu na mwalimu watasaini daftari la mahudhurio, na malipo yatakwenda kwa simu ili kila shilingi iache alama. Kutakuwa na jaribio moja mwanzoni mwa mwaka na jingine la uzito uleule mwishoni. Karatasi zote zitahifadhiwa. Katika kijitabu cha mwakani tutachapisha kurasa mbili: Jumamosi zilizolipiwa, zilizofanyika, waliohudhuria, na alama za mwanzo na za mwisho za kila kundi bila majina ya watoto. Tutazichapisha hata kama matokeo ya kundi fulani hayatapendeza, kwa sababu mchangiaji anayeonyeshwa mazuri tu hawezi kujua pa kuongeza nguvu.

Ndugu zetu, wengi wetu tulioketi hapa tumefika mjini kwa sababu palikuwa na mtu aliyekubali kurudia somo. Kuna aliyesaidiwa na mwalimu wa zamu ya jioni, kuna aliyesaidiwa na kaka wa jirani aliyekuwa likizo, na kuna aliyesaidiwa na sista au shekhe mwenye subira. Fadhila ile haikuandikwa katika hesabu za mtu yeyote, lakini ndiyo iliyotuleta hapa.

Fomu za ahadi ziko mezani kwa mweka hazina, zimegawanywa kwa makundi matano. Mnapokwenda kuzichukua, tafadhali msiangalie kijiji chenu peke yake. Soni na Mlalo huwa na watu wengi katika mikutano hii, lakini Mtae iko mbali na ina wachache wa kuisemea. Tungependa kuondoka hapa leo bila Jumamosi hata moja ya Mtae kubaki bila mtu.