Baiskeli ya umeme kwa watu wazima wasiofanya mazoezi: hoja kwa mji wa Same

Mkulima wa tangawizi wa Mamba Miamba, anayepanda na kushuka mlima na mzigo kichwani, hahitaji kuhubiriwa mazoezi. Mada hii inamhusu karani, mwalimu na mwenye duka wa Same mjini, anayekwenda kazini kwa bodaboda, akashinda kitini, akarudi kwa bodaboda. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kumwambia mtu huyu akimbie jioni ni kumwongezea kazi atakayoitoroka mapema. Nashauri mazoezi yake yaingizwe kwenye safari ambayo hana budi kuifanya, na katika nchi ya milima kama yetu chombo kinachofaa ni baiskeli ya umeme.

Kuna atakayeuliza: kama mota ndiyo inayofanya kazi, mwili unapata nini? Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, Boulder, walitoa matokeo ya watu 20 wasiofanya mazoezi, waliokwenda kazini kwa baiskeli hizo walau mara tatu kwa wiki, dakika 40 kwa siku, kwa mwezi mmoja. Uwezo wao wa kutumia oksijeni uliongezeka, na miili yao ikamudu sukari vizuri zaidi. Watu 20 ni wachache, tena hawakuwa na kundi la kulinganishwa nalo, kwa hiyo tusiutwishe utafiti huu mzigo usiouweza. Hata hivyo hesabu ya mlima inauunga mkono. Mtu wa kilo 75 na baiskeli ya kilo 25, wakipanda mita 500 kwa saa moja, wanahitaji wati 136 hivi kwa kupanda tu, mbali na upepo na kokoto. Asiyezoea hawezi, atashuka asukume, na kesho atapanda bodaboda. Mota ikibeba nusu, miguu inabaki na wati 70 hivi, ambayo ndiyo kazi ya wastani inayotakiwa. Ila mota isaidie pale tu pedali zinapozungushwa. Ile inayokwenda kwa kuzungusha mkono wa usukani ni pikipiki, muuzaji aiite atakavyo.

Umeme wenyewe si gharama: betri ya wati-saa 500 haimalizi uniti moja ya LUKU. Bei ya kununua ndiyo kikwazo, na hapo SACCOS za watumishi zinaweza kukopesha na kukata kwenye mshahara. Pingamizi zito ni barabara kuu ya Dar es Salaam–Arusha, ambako mabasi na malori hayamwachii nafasi mwendesha baiskeli. Moyo wenye afya haumwokoi aliyegongwa. Tuanze basi na mitaa ya ndani na barabara za TARURA, huku TANROADS ikiombwa njia ya pembeni. Na kabla ya baiskeli ya kwanza kununuliwa, mafundi wa Same wafundishwe breki za diski na vipuri viwepo madukani hapa hapa, kwa kuwa katika kushuka mota haisaidii kitu.