Usingizi, kahawa na mazungumzo

Msikilizaji, katika kutunza afya ya akili, tuanze na usingizi. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi kila usiku. Akizikosa siku nyingi mfululizo, hukasirika upesi na mambo madogo humlemea. Kikombe cha kahawa chungu ukikinywa magharibi, sehemu kubwa ya nguvu yake bado imo mwilini saa 5 usiku. Kinywe asubuhi. Simu nayo ilale mbali na mto.

Mchana tembea kwa miguu hadi sokoni, uache bodaboda.

Jioni keti kibarazani na mtu unayemwamini, na hapa nasisitiza, mweleze linalokusumbua, msiishie kwenye mpira tu. Huzuni ikidumu wiki 2, hamu ya chakula na kazi ikapotea, nenda kituo cha afya. Huenda ni sonona; nayo ni ugonjwa, na inatibika.