Imani, Ardhi na Lugha: Wameru katika Kuzaliwa kwa Taifa

Mnamo Oktoba 1896, huko Akeri chini ya Mlima Meru, wamisionari wawili wa Shirika la Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa muda mfupi baada ya kupiga kambi. Jeshi la Wajerumani lililipiza kisasi kwa ukatili: watu waliuawa, ng'ombe wakatekwa, migomba ikafyekwa. Misheni ilirudi mwaka 1902 na kujengwa Nkoaranga. Kwa hiyo Ukristo uliingia Meru ukifuata nyayo za bunduki, na anayetaka kueleza mchango wake katika kuundwa kwa taifa hana budi kuanzia hapo.

Ilikuwaje, basi, dini iliyoingia hivyo ikawapa wajukuu wa walioshindwa nyenzo ya kudai haki? Mahubiri peke yake hayatoshi kuwa jibu. Misheni ilifundisha kusoma na kuandika. Usharika nao ulizoeza watu kuketi kikaoni, kuweka kumbukumbu, kuchanga fedha na kudaiana hesabu. Haya yaonekana madogo, lakini pasipo hayo hakuna chama cha siasa.

Mwaka 1951 serikali ya Kiingereza iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto. Wameru hawakushika mikuki kama babu zao, waliandika. Walichangishana fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet, mmoja wa vijana wao wasomi Wakristo, akafika New York pamoja na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda, kulalamika mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Katika Baraza Kuu hoja ya kuwaunga mkono ilikosa theluthi mbili za kura, na ardhi haikurudishwa. Hata hivyo, Kirilo aliporejea alizunguka nchini akisimulia kwamba serikali ya Kiingereza inaweza kushtakiwa mbele ya walimwengu. TANU ilizaliwa Julai 1954, na Machi 1955 Julius Nyerere naye alisimama mbele ya Baraza hilohilo.

Isidhaniwe kwamba taifa lilikuwa kazi ya Wakristo. TANU ilianzishwa Dar es Salaam, na Waislamu wa mjini humo ndio waliokuwa uti wa mgongo wake. Nyerere mwenyewe, Mkatoliki mwenye kushika dini, alikataa katakata kwamba dola iwe na dini.

Lugha yathibitisha hilo kuliko hoja nyingi. Mwaka uleule wa 1952 Biblia ya Union Version ilichapishwa kwa Kiswahili. Maneno yake mazito, kama vile haki, dhuluma, rehema na sala, yalikuwa yamekomaa pwani, midomoni mwa Waislamu, kabla misheni yoyote haijafika bara. Mkristo wa Meru aliyelalamikia dhuluma alikuwa akitumia msamiati wa Lamu na Unguja.

Miaka 15 baadaye, mjini Arusha, chini ya mlima uleule, TANU ilipitisha Azimio la Arusha. Sehemu yake ya kwanza haikuitwa sera wala mpango, bali Imani ya TANU, nayo imepangwa mithili ya ungamo la kanisani, kifungu baada ya kifungu. Neno lenyewe, imani, ni la Kiarabu.