Gari la Zamani Linapochemsha: Kabla Hujanunua Rejeta Mpya
Mazungumzo kwa watumiaji wa bidhaa na huduma



Mwenye gari la zamani linalochemsha aghalabu hulipa mara mbili. Kwanza hununua kifaa kipya mahali pa kile kilichokuwa kizima. Kisha, baada ya gari kuchemsha tena, hununua kile kilichokuwa kibovu tangu mwanzo. Nia ya mazungumzo haya ni kuwaepusha na yale malipo ya kwanza.

Nitatumia Peugeot 504 kuwa mfano, maana bado zipo kwetu na wenyewe wanazipenda. Gari hilo lilianza kuundwa Ufaransa mwaka 1968, na jamii yake ilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975 na tena mwaka 1978. Basi likichemsha leo, msikubali upesi kuambiwa kwamba rejeta yake ni ndogo kwa nchi yetu ya joto. Kuna kitu kimeziba, kimelika, au kimeondolewa. Na jambo lenyewe si la kupuuzwa: injini yake ina bloku ya chuma na silinda hedi ya aluminiamu, na aluminiamu ikipata joto kupita kiasi hupinda. Safari moja ya kulazimisha kufika nyumbani yaweza kugharimu zaidi ya matengenezo yote nitakayoyataja hapa.

Swali la kwanza ambalo fundi mwema hukuuliza ni hili: linachemsha wapi? Likichemsha kwenye foleni na kupoa barabara ikifunguka, tuhuma iwe juu ya upepo, yaani feni, mkanda wake, na kava linalokusanya upepo upite kwenye rejeta. Likichemsha kwenye mwendo mrefu au mlimani, kwa mfano unapopanda Kitonga ukiwa na mzigo, tuhuma ihamie kwenye maji: rejeta iliyoziba, pampu iliyochoka, au mpira wa chini wa rejeta unaonywea na kujifinya injini inapovuta kwa kasi. Hata muda wa cheche za plagi ukichelewa, injini hupata joto. Fundi ambaye hakuuliza swali hilo, na mara moja akataja bei ya rejeta, hajachunguza chochote.

Kabla ya hayo yote, geji yenyewe ihakikiwe. Gari la miaka hamsini lina waya za miaka hamsini, na geji huweza kusema uongo. Kipimajoto cha kulenga, kikielekezwa kwenye mdomo wa juu wa rejeta, humaliza ubishi kwa dakika moja. Hicho hicho kikipitishwa juu ya uso wa rejeta, huonyesha sehemu zilizo baridi kuliko nyingine. Humo ndimo mirija ilimoziba.

Sasa nifike kwenye thamostati, ambayo mafundi wengi wa mitaani huing'oa na kuitupa, wakisema nchi za joto haziihitaji. Usemi huo hauna msingi. Thamostati huizuia injini isifanye kazi ikiwa baridi, hali inayoongeza ulaji wa mafuta na uchakavu. Zaidi ya hayo, katika baadhi ya injini thamostati inapofunguka huziba pia njia ya mkato ya maji. Ukiiondoa, sehemu ya maji hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na gari huchemsha kwa sababu ya dawa ile ile uliyopewa. Kuipima ni rahisi: itie kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, uichemshe, utazame kama inafunguka karibu na namba iliyogongwa juu yake. Isipofunguka, nunua nyingine yenye namba ile ile.

Kifuniko cha rejeta nacho hudharauliwa kwa kuwa ni kidogo. Kazi yake ni kuyabana maji ili yasichemke mapema. Pwani maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 100; Mbeya, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, huchemka karibu na 94. Kifuniko kilicholegea hukunyima kinga hiyo pale unapoihitaji. Lakini msinunue chenye kani kubwa kuliko cha asili. Mipira na maungio ya zamani hayatastahimili.

Feni ya 504 nyingi ina ufundi wake. Hunaswa na sumaku ya umeme maji yanapopata joto, na kuachiwa yanapopoa. Umeme huo hupitia kipande kidogo cha kaboni kinachosugua puli. Kaboni ikiisha, feni hainaswi, na fundi asiyelijua gari hilo humuuzia mwenyewe feni mpya ya umeme. Sisemi feni ya umeme ni mbaya. Iliyofungwa vizuri, ikiwa na kava na swichi yake ya joto, husaidia sana kwenye foleni. Nasema tu kwamba kipande cha kaboni kiangaliwe kwanza.

Rejeta ikithibitika kuwa imeziba, ile ya shaba huweza kufumuliwa, kuzibuliwa na kuchomelewa upya. Ya aluminiamu ni nyepesi, lakini ubora wake madukani hutofautiana mno. Kabla ya kulipa, dai utazame ndani na upime kama inakaa kwenye vishikizo vyake. Na kama maji yanatoa mapovu mfululizo, au oili imekuwa rangi ya chai ya maziwa, simamisha manunuzi yote: huenda gasketi ya hedi imeungua, na rejeta mpya haitaiponya.

Kwa kazi yoyote, omba makadirio kwa maandishi, kifaa cha zamani mkononi, na risiti ya EFD. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza upotoshaji katika biashara, lakini mlalamikaji asiye na karatasi hupata shida kuthibitisha alichoahidiwa.

Mwisho ni kulanti. Maji matupu ya bomba huacha kutu na magadi ndani ya injini; tumieni kulanti ifaayo, iliyochanganywa kama chombo chake kinavyoelekeza. Kifuniko kisifunguliwe injini ikiwa ya moto, hata kwa kitambaa kinene. Na kulanti iliyomwagwa isiachwe chini ya gari: nyingi zina ladha tamu, na ni sumu kwa watoto na kwa wanyama.

Sasa nakaribisha maswali.